Lisome Ziwa Kentucky Kabla Maji Hayajapanda

Wiki ya kwanza ya Machi, ndani ya ghuba ya Jonathan Creek, utatembea kwa buti juu ya kokoto kavu ambazo kabla Aprili haijaisha samaki watakuwa wanatagia juu yake. Kwa ajili ya kokoto hizo naondoka Bowling Green, hapa jimbo la Kentucky, Marekani, saa kumi alfajiri, barafu ikiwa bado kwenye kioo cha gari na boti ikiwa nyuma kwenye trela, nikijua kabisa kwamba siku hiyo sirudi na kitoweo. Mwaka wa kwanza mke wangu aliniuliza, "Baba fulani, mtu anaendaje ziwani asirudi na samaki?" Mwezi wa tano alipata jibu lake kwenye sufuria, na tangu hapo hajauliza tena.

Samaki mwenyewe ni yule Wamarekani wanayemwita bass: mdomo mkubwa, mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni. Mimi nitamwita besi. Wenzetu wa Naivasha wanamfahamu, maana alipandikizwa ziwani kwao tangu enzi za ukoloni. Mimi sikumjua. Nimekulia Kibirizi, Kigoma, baba akivua dagaa kwa karabai usiku na kuhe kwa mshipi mchana. Hapa Bowling Green tuko wengi tuliotoka kandokando ya Tanganyika, wa Kigoma, wa Uvira, wa Baraka, wa Rumonge, na kila baridi inapoanza kulegea simu zinaanza: "Kaka, twende ziwani." Wanakwenda, wanarusha ndoana kutwa nzima, wanarudi mikono mitupu wakisema lile ziwa halina kitu. Lina kitu. Ila ni kubwa, na mgeni akilivamia bila kulisoma litamchosha tu. Hivi ndivyo mimi ninavyolisoma.

Maji yanayopangwa na watu

Tanganyika alilichimba Mungu. Ziwa Kentucky ni mto Tennessee uliozibwa. Bwawa lilikamilika mwaka 1944, maili 22 juu ya mji wa Paducah, na maji yakajaa kurudi nyuma maili 184 mpaka chini ya bwawa la Pickwick. Mto wenyewe unatiririka kuelekea kaskazini, jambo ambalo lilinichanganya miezi mingi, kwa hiyo kumbuka: ukielekea kusini unapanda mto. Chini ya maji kuna barabara, mashamba, misingi ya nyumba, hata mji mzima ulioitwa Birmingham.

Mwenye bwawa ni shirika la serikali liitwalo TVA, na ndilo linaloamua maji yakae wapi. Wakati wa baridi wanayashusha mpaka futi 354 kutoka usawa wa bahari, ili ziwa libaki na nafasi ya kumeza mafuriko. Tarehe 1 Aprili wanaanza kulijaza, na tarehe 1 Mei linatakiwa kufika 359. Tofauti ni futi tano.

Sasa piga hesabu nami, kwa sababu safari yote iko hapa. Besi anataga maji yakifika kama digrii 60 hadi 65 za Farenhaiti, yaani kati ya 15 na 18 za Selsiasi. Kwetu huku hiyo ni kuanzia katikati ya Aprili. Dume analima kiota kama bakuli kwenye kokoto au mchanga mgumu, mara nyingi kwenye maji ya futi mbili hadi nne. Ziwa likipanda sawasawa, katikati ya Aprili liko karibu 356 na nusu. Toa futi mbili: kiota kiko 354 na nusu. Mwanzoni mwa Machi mahali hapo ni nchi kavu! Unaweza kupasimamia, ukapapiga teke, ukapapiga picha. Mwezi mmoja baadaye patakuwa chini ya maji yenye rangi ya chai, na mwenye boti ya dola elfu sabini atapita juu yake bila kujua anapita juu ya nini.

Mvua kubwa inaweza kuvuruga ratiba, ziwa likapanda kabla ya wakati. Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari nafungua programu ya TVA kwenye simu, inayoonyesha maji yako futi ngapi na bwawani yanafunguliwa kiasi gani. Yakiwa juu ya 356 naahirisha. Sina cha kuona.

Chagua kipande kimoja

Ufuko wa ziwa hili ukiunyoosha unapita maili 2,000. Anayetaka kuliona lote kwa siku moja ataona maji tu. Mimi nachukua ghuba moja, nikizidisha sana mbili, na nazimaliza. Jonathan Creek naipenda kwa sababu iko karibu na Aurora: unafuata barabara ya 68 kutoka Bowling Green, Russellville, Hopkinsville, Cadiz, unavuka Ziwa Barkley, unakata msitu wa Land Between the Lakes, unavuka daraja la Eggners Ferry, umefika. Ni karibu saa mbili kwa mwendo wa trela.

Huna boti? Usikae nyumbani. Simama upande wa mashariki, ndani ya huo msitu. Ni ardhi ya umma, na kuna vibarabara vya changarawe vinavyotoka kwenye barabara kuu ya msituni iitwayo The Trace kushuka mpaka kwenye ghuba ndogondogo. Maji yakiwa chini unatembea ufukoni, jicho lako likifanya kazi ambayo mwenzako mwenye boti anaifanya kwa mashine. Wakati mwingine naona mtu wa miguu anajifunza zaidi. Angalia tu tope la mikiani mwa ghuba, linameza buti mpaka magotini, na jioni jikague kupe mwili mzima, hasa nyuma ya magoti na kiunoni. Upande wa magharibi kuna nyumba za watu. Usikatize kwenye bustani zao.

Leseni ni jambo la dakika tano, ila lina mtego. Mwaka wa leseni wa Kentucky unaanza tarehe 1 Machi na kuisha siku ya mwisho ya Februari. Ile uliyonunua mwaka jana wakati wa joto ukidhani ni ya miezi kumi na miwili, imeshakufa. Nunua mpya kabla hujaondoka, na usome kijitabu cha kanuni cha mwaka huo. Katika ziwa hili besi wa mdomo mkubwa asiyefika inchi 15 anarudi majini.

Vitu vya kubeba, na kimoja nisichokifanyia mzaha

Boti yangu ni ya bati la aluminiamu, futi 16, mashine ya nguvu za farasi 25, na mota ndogo ya umeme mbele ya kusogelea taratibu. Nina kipima kina cha bei ya chini kinachoonyesha kina na joto la maji. Fimbo tatu. Penseli, daftari lenye jalada la plastiki, na simu yenye chaji. Kasia langu nimelichora alama kila nusu futi kwa rangi nyeupe isiyotoka. Baadaye utaona kazi yake. Na kizibo cha kutolea maji kilicho nyuma ya boti nakikaza nikiwa bado kwenye maegesho. Kabla gari halijarudi nyuma hata hatua moja naweka mkono kukihakikisha.

Jaketi la kuokolea maisha livae. Usilikalie, usilifungie kwenye sanduku. Sisi watoto wa ziwani tunajidanganya kwamba tunajua kuogelea, na kweli tunajua, katika maji ya Tanganyika yasiyopoa chini ya digrii 23 za Selsiasi mwaka mzima. Maji ya Machi huku yana 9 au 10. Mwaka wangu wa tatu niliteleza kwenye saruji ya mteremko wa kushushia boti, nikaingia mpaka kifuani, hatua nne tu kutoka gari langu. Pumzi ilikatika palepale. Nilipotoka sikuweza kufungua zipu ya koti. Vidole vilikuwa vyangu lakini havinisikii. Nilikaa ndani ya gari hita ikiwa juu kabisa, natetemeka, nikawaza ingekuwaje kama ningekuwa katikati ya ziwa, peke yangu. Tangu siku ile jaketi nalivaa kwenye maegesho na kulivua kwenye maegesho. Nguo kavu za akiba ziko kwenye mfuko usiopitisha maji. Na kuna mtu nyumbani anayejua ghuba niliyomo na saa nitakayopiga simu.

Upepo nao una sheria yake. Ziwa hili ni refu kutoka kusini hadi kaskazini, kwa hiyo upepo wa pande hizo unakimbia maili nyingi bila kizuizi, na ukitoka kusini ukakutana na upepo wa ghafla wa kaskazini wakati baridi inarudi, mawimbi yanakuwa mafupi na ya wima. Utabiri ukisema zaidi ya maili 15 kwa saa, sitoki nje ya mdomo wa ghuba. Matishari ya makaa na mchanga yanayosukumwa kwenye mkondo mkuu hayasimami kwa ajili ya mtu yeyote, yape njia mapema.

Na usikatize! Kwenye maji ya 354, maeneo ambayo wakati wa kiangazi boti zinakimbia yana futi mbili, na visiki ndani yake. Nilipoteza propela hivyo, asubuhi nzuri tulivu, nikiona maji mapana mbele yangu na kudhani mapana ni kina. Fuata maboya. Ukipanda mto kuelekea kusini, mekundu yawe kulia kwako.

Ndani ya ghuba

Nikishusha boti, jambo la kwanza ni joto la maji. Naliandika na saa yake. Halafu siendi mwisho wa ghuba, ingawa huko ndiko kila mtu anakokimbilia. Naanza mdomoni.

Fikiria besi jike mwenye mayai kama mama mjamzito wa kijiji cha mbali anavyohamia mapema kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Haji siku ya uchungu. Anasogea kwa vituo. Baridi yote alikaa kwenye maji ya kina karibu na mkondo mkuu. Maji yakifika digrii 48 hadi 50 za Farenhaiti anasogea kwenye rasi zilizoko mdomoni mwa ghuba. Yakiwa 52 hadi 56 yuko njiani, kwenye rasi ndogo za ndani, hasa pale ambapo mfereji wa zamani wa kijito unapinda na kuugusa ufuko. Yakipita 58 amefika mlangoni. Kazi yako siku hii ni kuitafuta hiyo njia na vituo vyake. Samaki wanabadilika kila siku. Njia inabaki ileile mwaka hadi mwaka.

Mfereji wa kijito ndio barabara yenyewe. Unaupata kwa kipima kina: unavuka ghuba kutoka upande huu kwenda ule, polepole, ukiona futi 6, 6, 7, halafu ghafla 13, halafu 6 tena. Hapo umeuvuka. Weka alama kwenye simu, songa mbele mita mia, vuka tena. Ukishavuka mara sita au saba, ukiziunganisha alama unaona mfereji unavyopinda kama nyoka, na wapi kiwiko chake kinaegemea ufuko. Kiwiko hicho kikiwa na kokoto na kisiki, umepata kituo.

Sasa nije kwenye chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi. Baba hakuwa na mashine ya kuonyesha chini. Akifika mahali papya alifunga chubwi bila ndoana, akalitupa, akalivuta kwa vidole huku amefumba macho. "Chini kunasema," alikuwa akiniambia, "nyamaza usikie." Nilikuwa na miaka tisa na sikusikia chochote. Leo nafanya vilevile kwa risasi ya robo tatu ya aunsi na mshipi wa kusokotwa usionyumbuka. Tope linakuja zito na laini, kama unaburuta nguo iliyolowa. Kokoto zinatekenya kidole, tiktiktik, bila kukwama. Makome ya kombe, ambayo ziwa hili lina vitanda vyake, yanakwaruza kwa ukali kama kisu kwenye sufuria. Jiwe kubwa linagonga, linakwama, linaachia kwa kuruka. Kisiki ni tofauti: chubwi linapanda taratibu, linakuwa zito, kisha linadondoka upande wa pili na mshipi unalegea. Fanya hivyo kwenye rasi moja kwa nusu saa na utakuwa na ramani ambayo haiuzwi dukani. Hapa sina haraka kamwe, na nakusihi nawe usiwe nayo. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu haina samaki ndani yake.

Kipande ninachokitafuta zaidi ni mahali chini panapobadilika: tope linapoisha na kokoto kuanza, kokoto zinapokutana na mawe makubwa. Ufuko uliofunuliwa unakuonyesha mabadiliko hayo kwa macho, kwa hiyo fuata ule mstari kutoka nchi kavu uingie nao majini kwa chubwi.

Kisha nashuka kutembea. Kila kisiki, kila rundo la matawi ambalo mtu amelizamisha, kila safu ya vigingi, nakipiga picha mara mbili: moja ya karibu na nyingine nikiwa nimerudi nyuma ili mti mkubwa au gati lililoko ufukoni lionekane. Simu inahifadhi mahali, lakini mwezi wa nne ukiwa juu ya maji, mti ule ndio utakaokuongoza, maana kidoti cha simu kinaweza kukosea hatua kadhaa na besi haondoki mbali na kisiki chake. Hapo ndipo kasia langu lenye alama linapofanya kazi. Kisiki ambacho kichwa chake kimetoka futi mbili juu ya maji ya 354, ziwa likifika 359 kitakuwa na futi tatu za maji juu yake. Kisiki ambacho kichwa chake kiko sawa na maji leo, kitakuwa na futi tano. Andika namba hiyo kwenye picha. Utakapokuja utajua ni chambo cha kuelea juu au cha kuzama.

Saa saba hadi saa tisa mchana

Asubuhi ni ya ramani. Samaki nawatafuta baada ya saa sita, jua likishafanya kazi.

Ghuba hazipati joto sawa. Mifuko, yaani vighuba vidogo vya ndani, iliyoko upande wa kaskazini na kaskazini-magharibi inakingwa na upepo baridi na inatazama jua la kusini, inatangulia. Mwaka jana mdomoni nilipata 49 saa mbili asubuhi, na saa nane mchana kwenye kimfuko kimoja cha kaskazini chenye tope jeusi chini, kipima kilisoma 55. Digrii sita ndani ya ghuba moja! Kwa kiumbe mwenye damu baridi hizo ni wiki mbili za kalenda. Andika mifuko inayotangulia, kwa sababu ndiyo itakayotangulia kupata viota, na ile ya kusini itafuata baadaye, kwa hiyo unajipatia msimu mrefu kuliko wenzako. Mvua ya vuguvugu nayo inaweza kupandisha joto la mkia wa ghuba kwa siku moja. Maji ya tope na baridi kwa pamoja, yaache, nenda ghuba nyingine.

Angalia pia chakula. Hapa dagaa wao ni shadi, kisamaki cha fedha kisichovumilia baridi. Korongo wakisimama mkiani mwa ghuba, au shakwe wakizunguka na kudonoa, shadi wapo. Usidanganywe na mashine lakini. Ziwa hili limevamiwa na karpi wa fedha kutoka Asia, wakubwa, wanaoning'inia katikati ya maji kwa makundi. Kwenye skrini wanaonekana kama utajiri. Mlio wa injini ukiwashtua wanaruka hewani, na mmoja wa kilo tano akikupiga usoni utalala. Besi yeye mara nyingi amekaa karibu na chini, au amejibanza kwenye kitu.

Vyambo vinne vinatosha. Kipande cha plastiki chenye njuga ndani, rangi nyekundu kama kambamti wa maji baridi, cha kurusha mbali na kupekua haraka. Kile kirefu chenye umbo la shadi ambacho ukikiacha kinasimama katikati ya maji bila kupanda wala kuzama: vuta, vuta, acha. Maji yakiwa chini ya 50 hesabu mpaka kumi kabla hujavuta tena. Kuacha ndiko kunakomfanya ale. Ndoana yenye kichwa cha risasi na mkia wa mpira kwa ajili ya visiki. Na chubwi lako.

Ndoana zote za safari hii nazibonyeza kwa koleo, ule mwiba wa nyuma ulale, ili samaki achomoke bila kuraruliwa. Nikipata wawili mahali pamoja naacha kurusha pale. Nimeshajua wapo, wa tatu hatanifundisha kitu. Namtazama tumbo: jike aliyejaa yai ni mpana nyuma ya mapezi, dume ni mwembamba. Natazama kooni kama kuna mkia wa shadi au sharubu za kambamti. Namlowanishia mkono kabla ya kumshika, namrudisha.

Kuna ndugu wanaonishangaa nikimwachia jike wa kilo tatu. Kisheria ningeweza kumchukua, na kitoweo nakipenda kama mtu yeyote wa Kigoma. Lakini mwaka 2024 upande wetu Tanganyika ilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na nakumbuka sauti ya kaka yangu kwenye simu akinieleza jinsi mialo ilivyokuwa kimya. Ziwa la kwetu limefika hapo. Jike yule wa Machi amebeba watoto maelfu, na mimi nina friji. Naweza kungoja Juni.

Daftari

Usiamini kichwa chako. Andika ukiwa palepale, hata kama vidole vimeganda. Ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi: "Jonathan Creek, Machi, maji 354.4, upepo kusini mdogo. Saa 2:10 mdomoni 49. Rasi ya gati la bluu: kokoto hadi futi 7, halafu tope. Kiwiko cha mfereji hatua 30 kutoka hapo, futi 12. Visiki vitatu ufukoni, kavu, cha tatu kina shimo. Saa 8:20 kimfuko kaskazini 55, kokoto ndogo kama maharage, korongo wawili. Besi 2, mmoja jike, kambamti kooni. Nikaacha." Basi, imetosha. Kurasa kama hizo sita, za miaka sita, ndizo zinazonipa samaki, na mtu akitaka kuziona namwonyesha. Ziwa ni kubwa, linatutosha.

Kabla ya kuondoka, fungua kizibo, maji yote yatoke palepale ziwani, futa nyasi kwenye trela na kwenye propela, kausha ndani. Tusihamishe viumbe kutoka maji haya kwenda mengine. Karpi wametufundisha inatosha. Barabarani kurudi, mahali paitwapo Golden Pond, nasimama kunywa chai ya chupa.

Halafu nangoja. Siangalii kalenda sana. Kando ya barabara ya 68 kuna mti mdogo uitwao redbud, unaotoa maua ya zambarau kwenye matawi matupu kabla ya majani. Ukianza kuchanua naangalia namba za TVA kila jioni na joto la usiku. Usiku tatu mfululizo zikikaa juu ya 50, naweka fimbo kwenye gari. Nashusha boti mahali palepale, napita mdomo wa ghuba bila kusimama, nazima mashine mbali, nasogea kwa umeme mpaka mti wangu na gati la bluu vipangane. Hapo hakuna kinachoonekana ila maji tu. Natupa upande wa kulia wa kisiki cha tatu, chenye shimo, futi mbili chini.